Umbali Uliobaki

Shoga yangu Eliaichi alikuwa anajifunza kutumia kifaa cha GPS, kwa ule mchezo wa kutafuta kopo lililofichwa. Mwalimu wake, Azzam, alimtuma aende Bunju peke yake, akatafute kopo alilolificha. Kifaa kikamwingiza ndani ya pagale, kwenye chumba kisicho na dirisha, giza totoro. Kitu kikakwaruza sakafu kwa hasira. Akapiga simu.

"Azzam, mbona kopo umelificha ndani?"

"Ndani? Mie nimeliacha nje, chini ya nguzo ya umeme. Toka humo!"

Akakitazama kifaa. Kwenye kioo, umbali uliobaki ulikuwa mita tisa. Hakupiga hatua hata moja, lakini namba ikawa inashuka: saba, nne, mbili. Akatimua mbio mpaka barabara ya lami, juani, kwenye watu.

Kifaa sasa kilisoma mita moja.