Sahani ya Nne

Siku tatu kabla ya mwaka mpya, nyumba ya Mzee Tong haikuwa na pa kuweka mguu. Kwenye jiko kubwa miguu ya nguruwe ilikuwa inachemka. Kwenye jiko dogo kulikuwa na samaki. Moto haukuzimwa, na joto lake lilipita chini ya kitanda cha matofali hadi ukuta wa pili. Nje theluji ilifika magotini. Ndani watu walivaa fulana.

Caixia, mke wa mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, alipewa kazi ya sahani za baridi. Hizi ndizo zinazotangulia mezani, ili wageni wapate cha kutafuna na wazee wapate cha kushushia pombe. Hazitaki jiko. Tango unaliponda kwa ubapa wa kisu, unalitia kitunguu saumu na siki. Nyanya unazikata na kuzinyunyizia sukari. Tofu laini unaipangia juu yai lililolazwa kwenye chokaa mpaka likawa jeusi, lililokatwa vipande. Halafu kuna uyoga mweusi, ule unaoitwa sikio la mti. Unaununua mkavu, unauloweka mpaka uvimbe, unaumwagia maji ya moto, unauchanganya na siki na pilipili. Mwenye kisu kikali anamaliza zote nne chai yake haijapoa.

Na lazima ziwe nne. Katika kijiji hicho sahani za furaha huwekwa mbilimbili. Sahani tatu huwekwa kwenye matanga. Mtoto mdogo anajua hilo.

Mama Tong, mkwewe Caixia, alikuwa mtu wa kufanya mambo mapema. Siku hiyo hiyo aliloweka uyoga beseni zima, akalisukuma chini ya kitanda, penye joto, uvimbe vizuri. Caixia aliuliza kama haingekuwa afadhali kulipeleka barazani. Mkwewe alicheka mpaka meno ya dhahabu yakaonekana. Huko uyoga ungeganda uwe mawe, alisema, na baridi yote hii, kitu gani kitaoza?

Ni kweli, nje hakuna kilichooza. Lakini beseni halikuwa nje.

Siku ya kufunga mwaka ilipofika, Caixia alitia mkono ndani ya beseni. Uyoga uliteleza vidoleni kama mlenda. Aliunusa. Kulikuwa na uchachu kidogo, wa mbali. Aliunusa tena, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, uyoga huu unateleza."

"Uoshe maji matatu," alisema Mama Tong bila kugeuka. "Halafu umwagie ya moto. Siki itamaliza kazi."

"Nilikuwa nafikiri tukate kabichi badala yake."

Hapo Mama Tong aligeuka. Shemeji yake Caixia, Yonglu, alikuwa ameshafika kutoka mjini na mkewe, na wote wawili walikuwa wamekaa kitandani wakimenya mbegu za alizeti. Kumwaga chakula siku ya kufunga mwaka ni kumwaga riziki, alisema mama huyo. Uyoga ule ameununua ghali, wa daraja la kwanza. Na je, huyo mkwe anataka kumlisha baba mkwe wake kabichi mbele ya wageni?

Mdomo wa Caixia ulikuwa mzito siku zote mbele ya mkwewe, na siku hiyo ulikuwa mzito zaidi. Akaosha maji matatu. Akamwagia ya moto. Akatia siki nyingi kuliko kawaida.

Sahani nne zikawekwa mezani, zikapendeza. Mzee Tong aliivuta ile ya uyoga karibu na kikombe chake cha pombe ya mtama. Alikuwa mzee wa maneno machache, mpole, ambaye hata kuku walimzoea. Akatafuna, akafumba macho.

"Huyu mkwe ana mkono," alisema. "Yongkui, mwanangu, umeoa."

Yongkui, mume wa Caixia, alikula nyama. Yonglu na mkewe walikula samaki. Mama Tong alionja vipande viwili. Mzee aliimaliza sahani karibu peke yake, huku akimsifu mpishi. Caixia hakuugusa uyoga ule hata kwa ncha ya kijiti cha kulia. Baadaye, kati ya yote yaliyomtesa, hilo ndilo lililomtesa zaidi.

Asubuhi ya mwaka mpya Mzee Tong alikuwa akitapika. Wanawe walimtania kwamba umri umeanza kushindana na chupa. Mama Tong naye alishika tumbo, akajilaza. Caixia alitaka kumwita Fengqin, muuguzi wa zahanati aliyekaa nyumba ya nyuma. Yongkui alikataa. Anayekunywa dawa siku ya kwanza ya mwaka, alisema, atakunywa dawa mwaka mzima. Wacha baba alale, pombe itamtoka.

Pombe haikumtoka. Kulipokucha siku ya pili macho yake yalikuwa ya manjano, naye alikuwa akimwita kaka yake aliyezikwa zamani. Safari hii Caixia hakumuuliza mtu. Alitoka na ndala kwenye theluji.

Fengqin alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, asiyepaka maneno asali. Alimfunua mzee jicho moja, akaacha. Akauliza alikula nini. Wakamtajia: nyama, samaki, sambusa za kuchemsha, pombe. Kila mtu alitaja chake.

"Na uyoga," alisema Caixia. "Ulilala majini chini ya kitanda. Ulikuwa unateleza."

Fengqin alipiga simu kuita gari la wagonjwa, akaagiza aletewe masalio yote ya uyoga, hata maji ya beseni kama yapo. Aligeuka kwa Mama Tong, akamwambia naye avae, anakwenda hospitali. Mama Tong alisema yeye ni mzima. Fengqin alimvalisha koti kwa nguvu.

Hospitalini walifanya walichoweza. Ini lilikuwa limekwisha kazi, na figo zikafuata. Mama Tong aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mzee hakurudi. Alikata roho siku ya tano, siku ambayo kila nyumba hulipua fataki kukaribisha mali.

Wanawake wa kijiji walikuja kupika kwenye matanga. Waliweka sahani tatu za baridi, kama desturi. Caixia alizitazama, akatoka nje akalia nyuma ya rundo la kuni.

Matanga yalipokwisha, Mama Tong alianza kutafuta sababu. Labda ni nyama ile ya sokoni. Labda pombe ilichanganywa na kitu. Labda siku zake zilikuwa zimefika tu. Hakuutaja uyoga. Fengqin alisikia, akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti.

"Mama Tong, nimekuja kusema neno baya," alisema. "Nitalisema mara moja, halafu nitakunywa chai yako kama utanipa."

"Sema."

"Ni uyoga. Hospitali wamepima maji ya beseni. Kuna vijidudu vinavyopenda kitu kilicholowana penye joto. Vinakaa humo, vinazaana, vinatoa sumu. Vijidudu vyenyewe unaweza kuviua kwa moto. Sumu yake huiui. Uchemshe, ukaange, utie siki, utie pombe, sumu ipo palepale. Na ikishaingia mwilini, hakuna dawa ya kuizima."

Mama Tong alisema kwamba tangu akiwa msichana analoweka uyoga. Mama yake aliloweka. Bibi yake aliloweka. Hakuna aliyekufa.

"Bibi yako aliloweka kiasi gani?"

Mama Tong alifikiri. Alikunja kiganja, akakionyesha. Zamani nani alikuwa na uyoga wa beseni?

"Asubuhi akaloweka, mchana mkala," alisema Fengqin. "Ndiyo hivyo. Uyoga mkavu hauna kosa, mama. Kosa ni kuulaza majini. Loweka wa mlo mmoja tu, kwa maji baridi na safi. Ukishavimba, upike au uumwagie maji ya moto, mle siku hiyo hiyo. Uliobaki mwageni. Ukilala kwenye joto, mwageni, hata kama unaonekana mzuri. Na ule unga wa mahindi mnaouchachusha wakati wa kiangazi ni vivyo hivyo, umeshaua watu. Msingoje unuke. Sumu hii inaweza kukosa harufu, ikakosa na ladha."

"Huu ulikuwa na harufu," alisema Caixia.

Alisema akiwa amesimama mlangoni, na birika mkononi. Fengqin alimtazama.

"Sasa mbona hukuumwaga?"

Caixia alimimina chai, machozi yakimtoka. Alitaka kusema kwamba alijua, vidole vyake vilijua, na aliona haya kubishana mbele ya wageni kwa ajili ya kabichi.

"Nilimkataza mimi," alisema Mama Tong. Halafu akajigeuza ukutani, na chai ikapoa bila kunywewa.

Kabla ya kuondoka, Fengqin alimvuta Caixia pembeni. Alimwambia kwamba mgonjwa wa chakula hasubiri sikukuu ipite. Watu waliokula chungu kimoja wakianza kutapika, chakula kile kiachwe papo hapo, wagonjwa wapelekwe hospitali, na masalio yapelekwe nao, daktari ajue anapambana na nini. Siku ile moja waliyoipoteza ilikuwa na thamani kubwa.

"Angepona?" aliuliza Caixia.

"Sijui," alisema Fengqin. "Sitakudanganya. Sumu hii inaua hata waliowahi. Lakini aliyewahi ana nafasi."

Majuto ni mjukuu, na katika nyumba ile mjukuu huyo alikaa mwaka mzima. Mama Tong na Caixia walipika kwenye jiko moja, wakapitishiana chumvi, wasizungumze zaidi ya chumvi. Kijijini habari zilienea. Fengqin alipita nyumba kwa nyumba na kulisema lile neno lake baya, na wanawake wakarudi kwenye desturi ya bibi zao, ya kuloweka kwa kiganja.

Mwaka uligeuka tena. Mlangoni hawakubandika karatasi nyekundu za heri ya mwaka mpya, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado na msiba. Yonglu alitoka mjini kama kawaida, lakini barabara ilijaa theluji, akachelewa. Usiku wa kuamkia siku ya kufunga mwaka, Mama Tong aliloweka uyoga mwenyewe. Kiganja kimoja tu. Asubuhi magoti yake humuuma, ndiyo maana aliona aloweke usiku, na bakuli aliliweka barazani kwenye baridi. Alikuwa amesikia somo, lakini nusu. Yongkui alipoamka akaona bakuli limeanza kuganda. Akalihurumia, akaona saa chache za kiganja kimoja hazina neno. Akalisukuma chini ya kitanda, penye joto.

Mchana Caixia alimaliza tango, nyanya na tofu, akauliza uyoga uko wapi. Yongkui aliinama, akalivuta bakuli.

Caixia alitia mkono. Safari hii uyoga haukuteleza. Ulikuwa mgumu kidogo, mweusi, unang'aa. Aliunusa na hakusikia harufu yoyote.

"Umekuwa huko tangu lini?"

"Tangu alfajiri nilipowasha moto," alisema mumewe. "Ni kidogo tu, Caixia. Tazama, ni mzima kabisa. Usianze mambo siku ya leo."

Mama Tong alikuwa ameketi kitandani, anakunja sambusa. Mikono yake iliacha kukunja. Caixia alihisi ule uzito wa zamani ukimpanda mdomoni. Alimkumbuka mzee amefumba macho, anamsifu.

"Siuamini," alisema. "Siujui, na ambacho sikijui siwalishi watu wangu."

Alisema kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kutoka kwake. Alitoka na bakuli hadi kwenye shimo la taka, akamwaga kila kitu, akafukia ili kuku wasiparue. Alipoingia aliosha mikono kwa sabuni, akaosha bakuli, akachukua kabichi na kisu ili akate sahani ya nne.

Mama Tong alinyoosha mkono wenye unga, akaushika mkono wake.

"Acha," alisema. "Ziwe tatu."

"Mama, ni siku ya leo."

"Najua ni siku gani. Mwaka jana ulitaka kukata kabichi, nikakukataza. Mwaka huu nakukataza tena, lakini si kwa jambo lile." Hakuuachia mkono wa Caixia. "Mwanangu, kosa lile si la mkono wako. Uliniambia unateleza. Nilikusikia."

Mwaka mzima Caixia alikuwa amengoja maneno hayo bila kujua kwamba anayangoja. Aliweka kisu chini. Walisimama hivyo, mkono wa mmoja juu ya mkono wa mwingine, unga ukiwapaka wote wawili, mpaka chungu cha miguu ya nguruwe kikafurika jikoni na Yongkui akakimbilia mfuniko.

Yonglu aliingia jua likiwa limeshainama, theluji mabegani, mkewe nyuma yake. Alisalimia, akavua kofia, akasogea mezani kupasha mikono. Macho yake yakapita juu ya sahani. Yakarudi tena.

"Mama," alisema, "mbona tatu? Sahani za msiba siku ya kufunga mwaka?"

"Mwaka jana zilikuwa nne," alisema Mama Tong. "Kaa ule, mwanangu."

Yonglu alikaa. Walikula wote, na asubuhi yake waliamka wote.