Afishi Iliyokwisha Kuuzwa

Lilianza na kitu cha kipuuzi kabisa: sparadra. Alima aliiona kwenye simu, kipande cha sparadra, plasta ya hospitali, kimebandikwa kwenye kona ya afishi, bango la filamu, kimekatwa kwa meno, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu. Akaitambua kama unavyotambua kandambili zako mlangoni mwa msikiti. Alikuwa ameikata na kuibandika yeye mwenyewe, enzi za usichana wake, kwa meno yake haya haya.

Baba yake, muzee Alimasi, mtu wa Kasongo, alikuwa na nyumba ya sinema katikati ya Goma. Volkano ya mwaka elfu mbili na mbili iliposhuka hadi mjini, ilimeza viti, mashine na mabati. Watu walikimbia na magodoro na sufuria. Muzee alikimbia na afishi moja kwapani. Ilichorwa kwa mkono na mchoraji wake mwenyewe, haikuwa na pacha duniani: mwanamke wa mtandio wa kijani, na nyuma yake mwanamume aliyegeuza mgongo. Walimcheka hadi siku ya kufa kwake. Alimwachia Alima afishi ile na nyumba ya mtaa wa Mabanga, na akasema ile karatasi isiuzwe.

Sasa waasi walikuwa wamefika Sake, na Aboubacar, mume wa Alima, dereva wa kamyo ya makala, lori la kubebea mkaa, alikuwa amekaa nyumbani majuma mengi bila kazi. Ndipo akasema kwamba kuna watu huko ng'ambo wanakusanya afishi za zamani. Akamwonyesha mkewe tovuti inayohifadhi matokeo ya minada iliyopita: kila afishi iliyowahi kuuzwa, picha yake, tarehe yake, bei yake. Hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba kuangalia si kuuza. Alima akaangalia kwa ukaidi, apate kumwambia kuwa ya baba yake haina mfano humo. Akakutana na sparadra.

Imeuzwa, ndivyo ilivyoandikwa chini yake. Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani. Jina la muuzaji halikutajwa.

Akapiga magoti, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda. Afishi ilikuwamo, imeviringishwa vile vile, na sparadra yake. Mtu mwenye akili zake angeshusha pumzi akaenda kupika. Alima yeye akajiambia: kumbe hii ni ya bandia. Amechukua ya kweli, akatoa nakala, akaniwekea takataka sandukuni. Haya, niambieni nyinyi, umelala na mtu miaka nenda rudi, halafu simu ndiyo ije kukujulisha yeye ni nani? Lakini wivu na shaka ni ndugu, wakiingia moyoni hawaombi kiti.

Na hakuuliza. Hilo ndilo kosa lake kubwa. Alinyamaza, akaanza kumchunguza. Aboubacar akikohoa, yeye alisikia uongo. Akitoka na simu uani, yeye alitoka na beseni lisilo na nguo. Siku hizo hizo ikaanza harufu chini ya kitanda, harufu ya jiwe la volkano lililonyeshewa mvua likiwa bado la moto, ambayo kila mtu wa Goma anaijua na hakuna anayeipenda. Aboubacar hakusema lolote juu yake. Alima akawaza, ameizoea huyu, anajua inakotoka.

Kila alipofungua ukurasa ule, alikuta picha mpya. Kwanza ulikuwa mgongo wa afishi. Kisha afishi imetandazwa juu ya mkeka, na mkeka ulikuwa wao, wenye alama ya kuungua kwa pasi. Kisha mkono wa mwanamume umeshika kona, na kidoleni pete ya fedha ambayo Aboubacar haivui hata akinawa. Na mchana, nyumba ikiwa kimya, alisikia karatasi ikijikunjua sandukuni taratibu, krr, krr, na alipozuia pumzi nayo ikanyamaza kama inayomsikiliza yeye, na siku alipopata moyo wa kuitoa na kuitandaza dirishani aliona yule mwanamume aliyegeuza mgongo ana sikio, na pembeni ya sikio ana shavu, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu utoto wake.

Asubuhi moja ikamtoka.

"Toka kwa nyumba ya baba yangu," alimwambia mumewe.

"Mi sijauza kitu, Alima. Leta Kurani, nitashika."

"Toka. Weye si mutu wa hapa tena."

Aboubacar aliinuka. Akachukua koti, akawasha kamyo, akaelekea Mugunga, upande ule ule watu wengine walikokuwa wanatoka mbio.

Kufikia adhuhuri mabombe yalikuwa yanasikika hadi Mabanga, na Alima roho ikamgeuka. Hasira ilimwisha, ukabaki woga mtupu: kama huyu mtu atakufa njiani, nimemuua mimi. Akafunga afishi ndani ya kitenge, akaenda kwa mama Kadidja, mjane aliyekuwa akitibu watu wenye majini tangu kabla ya volkano. Alimweleza yote akilia.

Kadidja hakugusa afishi. Alitoa simu yake mwenyewe, akamwambia aitafute tovuti ile. Wakatafuta. Walikuta afishi za wazungu na za Wahindi, tarehe na bei zake. Ya Goma hapakuwa na hata moja. Mkeka haukuwapo, wala pete. Alima akafungua simu yake. Humo namo hamkuwa na kitu.

"Nani alikuonyesha?" Kadidja aliuliza polepole.

"Simu, mama."

"Simu haina chuki na bwana yako. Huyu ni jini, anatafuta makao. Kwa nyumba yenye mwanamume ndani hawezi kuingia, mpaka mwenyewe afukuzwe kwa kinywa cha mutu wa ndani. Na weye umeshamufukuza."

Walirudi kwa Alima, wakachoma afishi juu ya mawe meusi nyuma ya nyumba, Kadidja akisoma Yasini na kufukiza udi. Harufu ile ikakatika papo hapo. Lakini mganga hakufurahi. Alimwambia limebaki moja: uliyemtoa kwa kinywa umrudishe kwa kinywa. Magharibi asimame mlangoni amwite mara tatu, kwa jina lake na jina la mama yake. Aboubacar mwana wa Ramla. Kwa sauti, bila haya; asipotaja jina, yeyote anaweza kuitika.

Kwa Alima huo ulikuwa mlima. Mke aliyelelewa vizuri hatamki jina la mumewe, sembuse la mama mkwe. Hawakujaliwa mtoto wa kumwitia, apate kusema baba fulani, basi maisha yote ya ndoa alimwita Papa tu, yaani Baba. Na magharibi ile majirani wote walikuwa vibarazani, mvua inanyesha, wanasikiliza mabombe. Alima alisimama mlangoni, akafumbua kinywa, akaona nyuso za majirani zimemgeukia.

"Papa, rudi," aliita. "Papa, rudi nyumbani. Papa, rudi."

Umeme ulikuwa umekatika. Hakumaliza hata kuwasha mshumaa, mwanamume akaingia na koti lile lile, kimo kile kile, akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba na kusema kwa sauti tulivu, "Nimekuja, mama. Umeniita." Alima alianguka miguuni pake, akaomba msamaha, akalia kwa furaha hadi kwikwi ikamshika, na katikati ya kulia huko mkono wake uligusa kiatu cha yule mwanamume, kikavu, kikavu kabisa na mvua ile nje, na cha moto.

Simu ikalia. Akapokea.

"Alima," ilisema sauti ya mumewe, na nyuma yake injini na watoto wanaolia, "niko Mugunga, barabara imejaa watu. Asubuhi ninakuja. Hata kama hunitaki, ninakuja. Usifungulie mutu."

Harufu ya jiwe lililonyeshewa ilijaa chumbani.

"Nani anapiga, mama?" aliuliza aliyekaa kitini, kwa sauti ile ile iliyokuwa sikioni.

Jina lilikuwa tayari ulimini, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alihisi herufi yake ya kwanza ikimfungua midomo, na akajua kwamba akilitamka sasa, kwa nguvu, na la mama yake, mmoja kati ya hawa wawili hataweza kubaki. Nje majirani walikuwa bado vibarazani. Yule kitini akainama mbele kidogo, kumsikia vizuri.

"Mutu amekosea namba, Papa," alisema Alima.

"Basi kata."

Akakata.