Kibanda Kilichotoweka Kwenye Orodha

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia uwanja na kuwapa kuku maji, Kathini alifuatana na mama yake kutoka Bongwe hadi Ukunda. Mama yake, Kavenya, alikuwa karani katika ofisi ndogo iliyokuwa juu ya duka la vitambaa. Ofisi hiyo ilihifadhi tovuti za watu katika kompyuta zake, ili mgeni aliyeko Ulaya aone picha za nyumba za kulala za Diani kabla hajapanda ndege. Ulikuwa mwaka wa 1999, na watu wengi wa Ukunda walikuwa hawajaigusa kompyuta. Kathini, mwanafunzi wa darasa la saba, alijiona profesa kwa kuwa tu alijua kushika kipanya.

Mama alikuwa akipanga orodha ya huduma katika programu ya kuandikia ankara, naye Kathini akimsomea majina kutoka kwenye karatasi. Kila huduma iliwekwa katika kundi lake, kama dukani, sabuni mahali pake na unga mahali pake. Kundi la tovuti lilikuwa na huduma tatu. Kibanda kilikuwa cha ukurasa mmoja, Nyumba ilikuwa ya kurasa tano, na Hoteli ilikuwa ya wenye mambo makubwa. Orodha ikikamilika ilichapishwa, na kila mteja mpya alipewa nakala achague.

Wateja wote kumi na mmoja walioletwa na mama walikuwa wa Kibanda. Wa kwanza alikuwa Mzee Muthoka, jirani yao, mwenye vyumba vinne vya wageni. Mama mwenyewe alikuwa bado kibarua. Bi Biasha, mwenye ofisi, alikuwa amesema kwamba mwisho wa mwezi ataamua kumwandika kazi ya kudumu au kumwachilia. Kathini aliyajua hayo, kwa hiyo aliilinda ile orodha kama kuku mwenye vifaranga.

Jumamosi moja mama alitoka kwenda posta. Kathini akamwona Alfani, fundi wa ofisi, ameketi mbele ya kompyuta ya orodha. Alfani alibonyeza mara mbili tu, na Kibanda kikatoweka. Zikabaki Nyumba na Hoteli. Alipogeuka na kumwona Kathini nyuma yake, alifunga ule ukurasa upesi na kumwuliza kama amekwisha kunywa chai.

Kathini hakuwa na haja ya chai. Baadaye alimsikia Alfani akizungumza kwenye simu kwa Kidigo, lugha ya wenyeji wa pale, sauti chini, na katikati ya maneno asiyoyaelewa akalisikia jina la mama yake mara mbili. Kina Kathini walikuwa watu wa bara, na tangu zile fujo za miaka miwili nyuma, watu wa bara walipofukuzwa na kuchomewa nyumba pwani, baadhi ya wenzao waliokaa Bongwe walikuwa wakiwaonya watoto wao wasimwamini kila anayewachekea. Mama hakuwahi kumwambia hivyo. Lakini shaka haingoji ruhusa ya mama, nayo ikishaingia huvuta kiti ikaketi.

Tangu siku hiyo kila alilofanya Alfani lilikuwa na kasoro. Akimsalimu mama kwa heshima, Kathini aliona unafiki. Akinyamaza, aliona njama. Wiki nzima hakumwuliza yeye, wala hakumwambia mama, maana alikuwa amekwisha kujipa jibu. Alfani anaificha huduma ya wateja wa mama ili mama aonekane hana faida.

Jumamosi iliyofuata, Alfani alipokwenda kuswali adhuhuri na mama alipokuwa chini akinunua mihogo, Kathini alikaa kwenye kile kiti. Neno la siri la mama alilijua, kwani lilikuwa jina la Kathini mwenyewe. Alitafuta mpaka akakipata Kibanda katika kundi lililoandikwa "Zisizoonyeshwa", akakirudisha mahali pake, tena juu kabisa ya orodha. Kisha akachapisha nakala kumi na kuziweka juu ya zile zisizokuwa na Kibanda. Alirudi Bongwe siku hiyo akijihisi shujaa.

Jumatatu asubuhi alikuja ofisini mama mmoja wa Msambweni aitwaye Mbodze, kiongozi wa kikundi cha wasusi wa mikeka. Alipewa orodha, akachagua Kibanda, akatia sahihi. Mteja akishatia sahihi, ofisi hairudi nyuma. Alfani alijaribu kuiweka tovuti yake katika kompyuta ya zamani iliyohifadhi tovuti zote za Kibanda, nayo ikakwama. Tovuti zote kumi na moja za wateja wa mama zikapotea kwa siku nzima. Bi Biasha alipofungua kumbukumbu za programu kuona nani aliyekirudisha Kibanda, alikuta jina moja tu, Kavenya, Jumamosi, saa saba kasorobo.

Kathini aliporudi kutoka shuleni alimkuta mama jikoni akichambua maharagwe, naye kwa kawaida hurudi jioni. Mama alisema ameambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Alisema Bi Biasha hakutaka maelezo. Kisha akaendelea kuchambua, akitupa hata maharagwe mazuri. Kathini aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na bado hakusema. Usiku mzima aligeuka kitandani.

Jumanne, masomo yalipokwisha, hakushika njia ya nyumbani. Alikwenda Ukunda, akapanda ngazi, akawakuta Bi Biasha na Alfani.

"Shikamoo, Bi Biasha. Shikamoo, kaka Alfani."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Biasha, bila kutabasamu. "Umetumwa na mama yako?"

"Mama hajui kama niko hapa. Ni mimi niliyekirudisha Kibanda. Nilitumia neno lake la siri. Nilimwona kaka Alfani akikificha, kisha nikamsikia akimtaja mama kwenye simu. Nikadhani anataka mama afukuzwe."

Alfani aliketi taratibu. Alisema kwamba ile kompyuta ya zamani ilikuwa imejaa pomoni, na Bi Biasha alikuwa ametaka Kibanda kifutwe kabisa. Ni yeye aliyeomba kifichwe tu, kwa maana huduma iliyofichwa haipewi mteja mpya, lakini wa zamani huendelea nayo. Ile simu alimpigia binamu yake wa Mombasa, akimwombea Kavenya nafasi kubwa zaidi katika kompyuta nyingine kwa ajili ya wateja wake. Nafasi yenyewe, ya kuwatosha tu wateja waliokwisha kuandikishwa, Mbodze akiwemo, ilikuwa imepatikana asubuhi ya siku hiyo, na tovuti zilikuwa zimeanza kurudi.

"Nilifunga ukurasa kwa kuwa sikutaka mama yako apate habari nusunusu kutoka kwa mtoto," alisema. "Nilikusudia kumweleza mwenyewe, nikachelewa. Na mimi nina kosa."

Kathini alimwomba radhi huku machozi yakimdondoka, na Alfani akamwambia yamekwisha.

Bi Biasha aliinuka. Aliwasha kompyuta, akamkalisha Kathini kwenye kiti, akamwambia akirudishe Kibanda kwenye kundi la zisizoonyeshwa, na chini yake aandike sababu. Kathini akaandika, "Imefichwa kwa kuwa mashine imejaa. Wateja wa zamani wanaendelea." Kuanzia siku hiyo, Bi Biasha alisema, hakuna huduma itakayofichwa bila sababu yake kuandikwa. Nalo lile neno la siri litabadilishwa.

Kisha akajitanda mtandio wake na kumwambia Kathini waongozane hadi Bongwe.

Mama alikuwa mlangoni. Kabla hajamkaribisha mgeni, Bi Biasha alimshika mikono miwili.

"Kavenya, nisamehe. Kazi yako ipo, na kuanzia kesho si kibarua tena." Akamgeukia Kathini. "Sisi Waislamu huambiwa kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Wewe ulimshuku Alfani wiki nzima na alikuwa karibu nawe, hukumwuliza. Mimi nilimshuku mama yako, naye alikuwa mbele yangu, sikumwuliza. Tofauti yetu ni kwamba wewe ni mtoto, nawe ndiye uliyeanza kusema kweli."

Mama alimvuta Kathini kifuani. Alimwambia kwamba neno la siri la mtu haliguswi, na kwamba adhabu yake ataipata mgeni akishaondoka. Kisha akamtuma akasonge ugali wa watu watatu.