Ukurasa wa Tisa

Saa kumi na moja na nusu jioni Geneviève Paluku alikuwa ameshatundika mkoba begani, apitie unga na makaa kabla giza halijaingia, simu yake ilipotetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Chanda, mmoja wa wanafunzi wa uuguzi.

"Madame, bouton ya Suivant inatupeleka fasi mubaya."

Akakaa tena.

Kazi yake katika taasisi moja ya mafunzo katikati ya Lubumbashi ilikuwa kutengeneza kozi ambazo wanafunzi walizisoma kwenye simu. Mwezi huo Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi. Mume wake, Bénit, alikuwa amekwama Butembo na malori yake ya bidhaa. Hata Lubumbashi watu walitazamana vibaya, madarasa yakafungwa, na wanafunzi walibaki na kozi ya simuni tu, ya kuzalisha wajawazito, kabla ya mtihani wa kesho. Mkurugenzi, Laurent, aliitaka iwe tayari kabla ya saa moja.

Geneviève aliifungua kwenye kompyuta. Kurasa nane. Alibonyeza Suivant, kitufe cha kwenda ukurasa unaofuata, toka mwanzo mpaka mwisho, hakuona kasoro. Kisha akaifungua kwenye simu, kama wanafunzi wanavyoiona.

Kurasa tisa.

Ule wa tisa haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa picha tu, ya kizakiza: njia ya udongo mwekundu, na mbali kabisa geti la bati. Akadhani picha ya mtu imeingia kwa makosa. Akaitafuta kati ya mafaili ya kozi. Haikuwemo. Akasafisha kumbukumbu ya simu, akachapisha kozi upya, akatazama.

Picha ilikuwepo. Ila geti lilikuwa karibu zaidi.

Akaibomoa menyu yote, akaijenga tena. Akachapisha.

Geti limefunguka.

Akaondoa picha zote za kozi, akabakiza maandishi matupu. Akachapisha.

Uani. Sufuria imefunikwa juu ya jiwe. Kamba ya nguo, na kwenye kamba gauni dogo la njano...

Akaisogeza simu karibu na macho.

Gauni lile lilikuwa la Emmanuella, binti yake wa miaka sita. Alilianika mwenyewe asubuhi, kwake Kasungami.

Basi aliyepiga picha zile alikuwa anatembea. Na kila hatua alikuwa akipewa na yeye Geneviève, kila alipochapisha.

Akampigia simu mdogo wake, Graciella, aliyebaki na mtoto nyumbani, amuulize kama kuna mtu uani.

"Kuko mutu ku parcelle?"

"Apana, yaya," Graciella akamjibu dada yake. "Juu ya nini?"

"Ingiza mutoto. Funga mulango."

Graciella akasikika akifunga mlango. Kisha akanong'ona:

"Yaya... kuko inanuka hapa. Sawa udongo ya kaburi yenye banatoka kuchimba."

Simu ikakatika.

Alipoinua macho, Bijou Musonda alikuwa amesimama nyuma yake. Walikuwa wakifanya kazi chumba kimoja, lakini Bijou hakuwa amemsalimia tangu Novemba. Sababu ilikuwa Agnès. Agnès ndiye aliyemfundisha Geneviève kazi ile yote. Taasisi ilipoanza kupunguza watu, Laurent aliuliza nani abaki, na Geneviève akamwambia kwamba Agnès ni mtu wa polepole kazini na anaharibu kozi za wengine. Ulikuwa uongo mtupu. Siku ya kuondoka, Agnès alimsogelea mlangoni na kumwambia sikioni: "Umenifungia mulango. Nitafika ku yako. Polepole."

"Umemaliza?" Bijou akauliza.

"Bijou, tusipublier tena. Angalia picha hii."

Bijou akainama, akaangalia. Uso wake haukubadilika.

"Hapa njo kwako?"

"Njo kwangu." Geneviève alikuwa akinong'ona sasa. "Agnès iko wapi?"

"Lukafu. Analima mihogo. Kule hata réseau ya simu hakuna." Bijou akaivuta kompyuta upande wake. "Ulisemaka Agnès iko pole ku kazi. Leo njo weye uko pole?"

"Tafazali. Mutoto wangu iko mule mu nyumba."

"Agnès naye iko na batoto. Batoto bane."

Akabonyeza kuchapisha.

Geneviève aliikazia macho simu. Ukurasa wa kwanza... wa tano... wa nane. Wa tisa haukuwepo. Menyu ilikaa sawa, Suivant ilikwenda vizuri, na ujumbe wa Chanda ukaingia: "Merci madame, sasa iko bien."

Hapo ndipo alipopiga kelele. Picha haikuwa na haja ya kubaki mle tena. Aliyeipiga amefika.

Alishuka ngazi mbio, akarukia pikipiki ya kwanza iliyopita. Kasungami ilikuwa gizani, umeme umekatwa. Geti lilikuwa wazi. Akagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Graciella alifungua, akamtazama, taa ikamtoka mkononi.

Emmanuella alikuwa ameketi kwenye mkeka, mzima, anakula mkate. Alimtazama mama yake, kisha akatazama mlango wa chumba cha kulala, uliofungwa.

"Mama," akasema, "umepita wapi? Si umeingia mule sasa hivi?"

Harufu ya udongo ilijaa nyumba nzima.

Na nyuma ya ule mlango, mtu akakohoa. Kwa sauti ya Geneviève.

Alimnyakua mtoto, akamshika Graciella mkono, wakakimbilia kwa jirani yao Virginie, miguu mitupu. Kulipokucha wanaume wanne wa mtaa walivunja mlango wa chumba kile. Hakukuwa na mtu. Zilikuwepo nyayo za udongo mwekundu, za miguu ya mwanamke, zinaingia mpaka kando ya kitanda. Za kutoka hazikuonekana.

Geneviève alikwenda kwa Laurent siku ileile, akasema ukweli wote. Mtu alitumwa Lukafu kumwita Agnès arudi kazini. Agnès alikataa, akarudisha maneno haya tu: "Mie sikutuma mutu. Amuulize ule mwenye alimufungulia mulango yeye mwenyewe."

Nyumba ile waliihama wiki hiyohiyo. Sasa wanakaa upande mwingine wa mji, na kwa macho hakuna kibaya kilichowafuata. Lakini kila jioni, Geneviève anapobisha hodi, Emmanuella hakimbilii mlango kama zamani. Husimama nyuma ya mlango bila kuufungua, kisha huuliza polepole:

"Mama... uko ule wa kwanza, ao wa pili?"