Tundu la Bibi Baridi

Haya jamani, hamjambo? Nyamazeni basi. Wewe uliye mlangoni, acha kutafuna kwanza, maana leo sina nguvu ya kupaza sauti. Na lile dirisha liacheni wazi. Najua kuna baridi. Liacheni tu.

Mnanijua. Mimi ndiye yule bibi aliyeingia darasa la watu wazima wajukuu wakimcheka. Sasa nasoma. Nasoma vibao, nasoma mifuko ya saruji, nasoma hata nisipoombwa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninaishi naye, na ulimi wake ni wembe. Huniambia, "Msomi, hebu soma na makunyanzi yako, tujue yameandikwa nini."

Mwaka ule nilioanza kusoma, mke wa mwanangu alijifungua akaja kwangu na kichanga chake. Tukampa chumba kikubwa cha nyuma. Ndicho alichofia mama mkwe wangu. Tulimwita Bibi Baridi, maana yule mama alitetemeka hata jua likiwa utosini. Akiona ufa, anauziba. Tundu la ufunguo, tambara. Chini ya mlango, tambara. Alilichana blanketi lake la kijani kwa kazi hiyo, na lililobaki tulimzika nalo.

Baridi ilipozidi, nikaona mtoto hataiweza. Nikamwita fundi atufungie jiko la chuma, lile la kuni lenye bomba la moshi. Mimi na wifi tulishinda tukibeba matofali mpaka migongo ikalia. Fundi akatandika matofali sakafuni, akaliweka jiko juu yake, mbali na ukuta, mbali na pazia. Bomba likapanda mpaka juu ya paa. Viungo vyote akavikandika. Mwisho akatoboa ukuta kwa chini, tundu la kupitisha ngumi.

"Hii ndiyo pua ya chumba," akasema. "Mkiiziba, moto utakula hewa yenu. Moshi wa kukohoza si wa kuogopa sana. Kuna mwingine, hauna rangi, hauna harufu."

"Sasa tutaujuaje?" wifi akauliza.

"Hamtaujua. Mtasikia usingizi tu."

Jiko lilikuwa na kibati ubavuni chenye maandishi. Nikainama, nikakisoma mbele ya wote, pole pole, kidole kikifuata: *Usizibe tundu la hewa.* Fundi akasema, "Mama, umenimalizia maneno." Sikuhisi mgongo tena, wallahi.

Akataka karatasi awashe, aone kama bomba linavuta. Wifi akashika daftari langu. "Hili hapa, lina elimu, litawaka vizuri."

"Lirudishe!"

Tukacheka. Fundi akachoma kipande cha boksi, moshi ukapanda vizuri kabisa. Akatuaga, akasema moto wa kwanza uwe mdogo.

Jua likawa linazama. Wifi akawasha moto mdogo, nami nikatoka kuingiza kuni kabla umande haujazishika. Niliporudi na mzigo, nikaangalia lile tundu.

Limezibwa.

Nikavuta. Tambara. La kijani, la baridi, linanuka udongo mbichi.

"Wifi, umeziba hapa?"

"Mimi? Kwa magoti haya? Nikiinama leo, mtatafuta watu wanne wa kuniinua."

Mke wa mwanangu alikuwa kitandani, hoi, hata macho hafungui. Nikajiambia ni panya amelitoa mahali. Mtu akichoka hukubali jibu lolote lililo karibu. Nikalitupa nje, nikaenda bombani kukinga maji.

Maji yalitoka kwa kudondoka. Nimesimama pale, nasinzia nimesimama, nikasikia kitu kule juu ya paa.

Fyu... fyu...

Kama mtu anashindilia nguo kwenye mtungi.

Nikainua macho. Hakuna mtu. Bomba la jiko limesimama peke yake na mbingu nyekundu nyuma yake. Ila moshi... moshi haukuwa unatoka.

Nikaiacha ndoo.

Mlango niliouacha wazi ulikuwa umefungwa. Nikausukuma, ukagoma kama una kitu chini yake, kisha ukaachia. Nikaingia, nao ukajirudisha nyuma yangu. Humo ndani mlikuwa na joto zuri. Joto tamu, kama la kifuani mwa mama. Dirisha limefungwa. Wifi yuko kitini, kichwa kimelala begani, kimya. Wifi yangu, kimya! Hapo ndipo nilipoogopa.

Na kwenye kigoda, mbele ya jiko, mtu amekaa amenipa mgongo.

Mdogo. Kijani mabegani.

Amempakata mjukuu wangu.

"Sasa hapa pana joto," akasema kwa kunong'ona. Hakugeuka. "Miaka yote nilikuwa natafuta joto hili, mwanangu."

"Mama... nipe mtoto."

"Amelala. Wote wamelala. Umebeba matofali tangu asubuhi. Kaa."

Jamani, nisiwadanganye. Nilitaka kukaa. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa mvua, miguu si yangu. Hajawahi mtu kuniambia kaa, katika nyumba ile, tangu nilipoolewa. Nikashuka mpaka magoti yakagusa sakafu. Nikasema moyoni, kidogo tu...

Macho yangu yakatua ubavuni mwa jiko. Kile kibati.

Sikukumbuka fundi. Sikukumbuka hatari yoyote. Nilikuwa siwezi tu kuyaacha maandishi yanipite. Nikaanza, ulimi mzito.

"U... si... zi..."

"Usisome," akasema.

"...be."

"Mwanangu, utaniletea baridi."

"Tu... ndu..."

Nikatambaa. Nikaingiza mkono kwenye lile tundu ukutani, nikavuta tambara. Hewa ya nje ikanipiga usoni kama kofi. Nikaupiga mlango teke, nikamnyakua mtoto, na sijui nilimnyakua mikononi mwa nani, nikamlaza nje. Nikarudi kumburuta mama yake. Nikarudi kwa wifi, mzito kama kabati.

Mtoto hakulia. Nikampuliza usoni. Hakulia. Nikamsugua mgongo, nikimwita kwa kila jina la mapenzi ninalolijua.

Halafu akalia. Hajalia mtoto vile duniani.

Wifi alitapika, akafungua jicho moja. "Nani kaniburuta hivi? Gauni langu jipya hili." Ndipo na mimi nikalia.

Fundi alirudi kulipokucha. Akatusikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni ule moshi, humwonyesha mtu mambo yasiyokuwepo. Nikamwambia sawa, panda basi ukaangalie bomba. Akapanda. Akaanza kuvuta, na kuvuta... Blanketi la kijani, kipande kwa kipande. Akashuka nalo mkononi, akaenda zake. Hata ngazi yake aliisahau.

Jiko lipo mpaka leo, linatupasha. Sikulitoa. Ila kila jioni, kabla ya kuwasha, natandika blanketi zima juu ya kigoda, nje, chini ya lile tundu. Wifi alinicheka siku ya kwanza. Hacheki tena, maana asubuhi yeye ndiye huenda kulichukua, hulikuta limekunjwa vizuri.

Lina joto.

Basi. Naona jua linakwenda, na mimi leo nililifua lile blanketi, bado liko kambani. Sijalitandika. Bibi wa watu hana kitu cha kujifunika, na akisikia baridi, hutoka kutafuta watu walipo. Ngoja nikimbie. Nikishalitandika nitarudi, tumalize chai yenu, msiwe na wasiwasi.

Lakini kabla sijatoka...

Lile dirisha niliwaomba mliache wazi.

Nani amelifunga?

Mbona mnatazamana? Haya, wewe uliye karibu, lifungue. Lifungue, mwanangu. Na hicho kitambaa kilicho chini yake, usikishike kwa mkono.