Jumapili ya Ukurasa wa Tisa

Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, na kila mmoja alidai ana haraka kuliko mwenzake. Ilikuwa wiki ya kukusanya tasnifu, na duka la kutolea nakala lililo mkabala na chuo lilinuka wino wa moto na jasho la wanafunzi.

Mshairi alisimama katikati yao, gauni lake la kijani limemganda mgongoni, amekumbatia bahasha ya kaki kama aliyebebeshwa mtoto wa watu. Ndani mlikuwa na kurasa sitini na nne: mashairi yake ya kwanza, aliyoyatoa kitabuni akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa, miaka kumi na miwili baadaye, yalikuwa yanachapwa upya. Mhariri alitaka kurasa zilizosahihishwa, zimebanwa vizuri, pamoja na dibaji, kesho saa nne asubuhi. Dibaji yenyewe ilikuwa na maneno manne tu: "Nikiyatazama mashairi haya leo." Hapo kalamu iligoma.

"Tisa! Tisa bwana, kazi yangu vipi?" kijana mmoja alipaza sauti.

"Inakuja! Gundi haikaushwi kwa makelele," sauti ilijibu kutoka nyuma ya pazia.

Mshairi aliitambua sauti ile. Angetoka, lakini foleni ilikuwa imemziba mbele na nyuma. Pazia lilifunguka, akatokea fundi wa kujalidi vitabu, aproni ya buluu kiunoni, mvi mbili tatu ndevuni, vidole vyeupe kwa gundi iliyokauka. Vidole vilevile.

Fundi alimtazama, akaitazama bahasha, akasoma kichwa cha kitabu juu ya karatasi ya kwanza.

"Karibu, Bi Vina," alisema taratibu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumwita hivyo. "Umekonda."

"Na wewe umebadilishiwa jina. Kwa nini wanakuita Tisa?"

"Hujui kweli?"

"Ningejuaje?"

Fundi alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alimfungulia kijimlango cha kaunta. "Pita huku. Hapa tutapigwa na wenye tasnifu."

Nyuma ya pazia palikuwa na meza ndefu, mashine ya kukatia karatasi na stuli moja. Alimpa stuli, yeye akabaki wima. Alipekua kurasa mpaka akafika kwenye shairi ambalo watoto walilighani mashuleni, lililompa mshairi sifa zake zote. Akausoma mstari wa kwanza bila kuonyesha hisia yoyote:

"Vidole vyake vya gundi, moyo wake haunati."

Kisha akasema, "Lilitoka gazeti la Jumapili, ukurasa wa tisa. Mtaa mzima kulikuwa na fundi gundi mmoja tu. Kufika Jumatatu nilikuwa nimeshakuwa Tisa. Mpaka mama yangu siku moja aliniita hivyo kwa kujisahau, akalia."

Mshairi alihisi uso ukimwaka. Lakini kidonda cha miaka kumi na miwili nacho kilikuwa na mdomo wake.

"Na mimi je? Jumapili ileile shangazi aliazima viti ishirini. Wazee wangu wamevaa, wamekaa uani, wanaangalia lango. Uliahidi kuja na wajomba zako kunichumbia. Viti vilirudishwa jioni, mwenzangu! Nilisaidia kuvibeba."

"Nilikuja."

"Usinichezee."

"Nilikuja mpaka kwenye kona yenu. Mjomba akataka kunyoa ndevu kidogo, aingie kwa wakwe akiwa safi. Tukaingia kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa akiwasomea wateja gazeti kwa sauti. Aliposoma 'vidole vya gundi' wote wakanigeukia. Shairi zima linasema huyu mtu ni mwongo, hana moyo, asije kwetu. Jina lako liko chini. Mjomba akavua kofia, akasema, 'Mwanangu, tumejibiwa kabla ya kubisha hodi. Turudi.'"

Mashine za mbele ziliendelea kuguruma.

"Siku ile hatukununua gazeti," mshairi alisema. "Shangazi aliniletea Jumatatu. Nikaliona, nikajiambia... Mungu anisamehe, nilijiambia shairi lilijua kabla yangu. Nikaandika mengine ishirini juu yako."

"Lilijuaje, na umeliandika wiki ileile? Kitabu nilikinunua. Tarehe iko pale chini ya shairi. Ni ya Jumapili ile."

"Hiyo ni tarehe ya gazeti!" Alisimama, stuli ikaanguka. "Nililiandika mwezi wa pili. Miezi minane nyuma! Nilikuona umempakia yule msichana kwenye pikipiki, wivu ukanipanda, nikaliandika usiku mmoja nikalituma asubuhi. Kesho yake ukaniambia ni binamu yako, tukacheka, nikasahau. Pale gazetini mashairi yalipanga foleni kama wagonjwa. Zamu yake ikafika siku hiyo."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Miezi minane."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Mtu akishakukataa gazetini, unampigia umuulize nini? Na wewe?"

"Nilisema asiyekuja haitwi."

Wakatazamana, watu wazima wawili walioibiwa na kiburi chao wenyewe. Mshairi aliunyakua ukurasa ule. "Nalitoa. Halichapwi tena. Nampigia mhariri sasa hivi."

"Usilitoe." Fundi aliurudisha ukurasa mahali pake, akaunyoosha kwa kiganja. "Ukilitoa nitabaki Tisa bila sababu. Liache. Ila waambie ni la lini."

Alizibana kurasa zake, akakataa malipo, na mlangoni hakumuaga.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ya duka iliita.

"Tisa hapa."

"Usijiite hivyo kwangu," mshairi alisema. Alikuwa ukumbini kwa mhariri, macho mekundu. "Dibaji imekwisha. Nataka uisikie kabla yao."

Alisubiri mpaka akasikia pazia likivutwa. "Haya. Soma," fundi alisema.

"Nikiyatazama mashairi haya leo, naona lile mnalolipenda zaidi ni zuri, lakini si kweli. Nililiandika mwezi wa pili kwa wivu wa siku moja. Mtu niliyemtukana alikuja mwezi wa kumi kama alivyoahidi, amefuatana na wajomba zake. Alifika mpaka kwenye kona yetu. Aliyemrudisha ni mimi."

Nyuma ya fundi mtu alipiga kelele: "Tisa! Bado?"

"Ngojeni, niko kwenye simu!" Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, "Rudia hapo kwenye kona."

Akarudia. Safari hii alikwama katikati, ikambidi aanze upya.

"Yule kinyozi bado yupo?" fundi aliuliza.

"Alihama zamani. Pale siku hizi wanauza vioo."

"Na viti?"

"Shangazi anavyo vinne tu. Vya kwake."

Fundi alivuta pumzi ndefu.

"Vinatosha," alisema. "Mjomba siku hizi hana tena ndevu za kunyoa."