VPN ya Bure

"Jana uliishika kompyuta hii, leo haifanyi kazi. Sasa nimlaumu nani, paka?"

Mjomba alitoka chini ya meza na waya mkononi. Alimjibu Mama, dada yake, kwamba jana aliifuta vumbi tu. Mama akamwambia afungashe nguo zake; fundi wa kuharibu hana kazi naye.

Mlangoni alisimama binti wa Mama mwenye miaka kumi na miwili, waliyemwita Chiriku kwa sababu domo lake halikujua kupumzika. Asubuhi hiyo lilipumzika.

Mama alikuwa mtaalamu wa kusoma picha za ndani ya mwili. Hospitali ilimtumia picha nyumbani kwa VPN, njia iliyofungwa ndani ya mtandao ili siri za wagonjwa zisionwe na wengine. Lakini leo, kila alipoiwasha VPN, mtandao wote ulikatika. Akiizima, mtandao ulirudi, ila picha hazikufunguka. Na kule wodini alilala mwashi aliyeanguka kutoka jukwaani, daktari akisubiri kuambiwa kama damu inavuja kichwani. Saa mbili zilikuwa zimekwisha kupita.

Mjomba alikuwa amebadilisha waya, akazima na kuwasha ruta, akajaribu hata mtandao wa simu yake. Wapi.

"Dada, ugonjwa umo ndani ya kompyuta. Kuna kitu kimeongezwa."

"Na aliyeongeza ni wewe."

Chiriku alikijua kitu hicho. Jana usiku alikuwa amepakua VPN ya bure ili afungue michezo ambayo Mama ameizuia. Kisha akafuta alama yake kwenye kioo, akidhani ameondoa programu yenyewe. Kumbe alifunika kombe tu.

Mjomba akaanza kukunja mashati yake.

"Ni mimi, Mama," Chiriku alisema, akaeleza yote.

Mjomba aliitafuta katika orodha ya programu, akaikuta inafanya kazi kimyakimya. VPN mbili ziligombea mlango mmoja, hakuna iliyopita. Akaiondoa, akaizima kompyuta na kuiwasha upya, akaiwasha VPN ya kazini. Picha ikafunguka.

Damu ilikuwa inavuja. Mama alituma majibu, na papo hapo muuguzi akapiga simu. Mwashi alikuwa anapelekwa kupasuliwa, lakini alishapoteza fahamu, na hakuna aliyejua kama angeamka. Muuguzi akauliza aandike sababu gani ya kuchelewa. Mtandao?

Mama alimtazama binti yake.

"Kupakua ni utoto," alisema. "Lakini ulisimama hapo ukamwacha mjomba wako abebe mzigo wako, huku mtu anavuja damu. Ukweli ukiuchelewesha, anayeumia ni mwingine. Shika hilo maisha yako yote."

Kisha akasema kwenye simu, "Usiandike mtandao. Andika kwamba niliiacha kompyuta ya kazi bila kuifunga, mwanangu akaichezea. Kosa limetoka nyumbani kwangu."

Alikata simu. Akamwomba Mjomba radhi kwa maneno machache, akayarudisha mashati kabatini kwa mkono wake. Halafu akavuta kiti, akamketisha Chiriku kando yake asikie kila neno, akampigia mkuu wake wa kazi.